Kupata Besi ya Kina Kutoka Boksi Dogo: Kuipima Spika na Kuirekebisha kwa Ikwalaiza

Anayekodisha vyombo vya muziki Lamu hawezi kulikwepa suala la ukubwa wa boksi. Gari haliingii katika vichochoro vya Mkomani wala vya Langoni. Mzigo huenda kwa punda, kwa mkokoteni au mabegani mwa hamali, na shughuli ikiwa Matondoni au Kipungani, sabufa hupakiwa mashuani pamoja na viti na masufuria ya pilau. Boksi lenye tundu la hewa, likiundwa sawasawa kwa spika ya inchi 12, mara nyingi hudai lita 80 hadi 100 au zaidi, na boksi la namna hiyo halikunji kona ya kichochoro bila kugombana na ukuta. Njia inayoelezwa hapa ni ya kutengeneza boksi dogo lililozibwa pande zote, kukubali kwamba litapoteza besi ya chini, kisha kuirudisha besi hiyo kwa ikwalaiza (kifaa au programu ya kupandisha na kushusha sehemu fulani za sauti, kama besi) iliyopangwa kufuatana na vipimo vya spika yenyewe.

Fikira hii si mpya. Bose 901, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1968, ilikuwa na spika ndogo tisa ndani ya boksi moja na iliuzwa pamoja na ikwalaiza yake, kwa sababu bila ikwalaiza hiyo isingefaa kusikilizwa. Kilichobadilika tangu wakati huo ni kwamba kazi iliyohitaji saketi maalumu sasa hufanywa na programu ya bure kwenye kompyuta, au na bodi ndogo ya kuchakata sauti ambayo huenea kiganjani. Lakini jambo moja halikubadilika, na ni vyema lieleweke kabla ya msumeno kushikwa: ikwalaiza haiongezi uwezo wa spika. Hutumia tu uwezo uliopo, yaani nguvu za amplifaya, joto ambalo koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) inaweza kulistahimili, na umbali ambao koni (sehemu ya spika inayotikisika) inaweza kusafiri mbele na nyuma. Asiye na akiba katika mambo hayo matatu ataunguza spika na besi asiipate.

Besi hupotelea wapi

Kila spika ina frikwensi yake ya asili (frikwensi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi), ambapo koni hutikisika kwa urahisi kuliko popote pengine. Kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoichapisha mwaka 1961, na baadaye ile ya Richard Small katika miaka ya 1970, ndiyo iliyotupatia vipimo ambavyo leo huandikwa katika karatasi ya spika: Fs, ambayo ni frikwensi ya asili ikiwa spika haimo katika boksi, Qts, inayoonyesha jinsi spika inavyoweza kujizuia isiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha, Vas, ambayo ni ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa kitambaa na ukingo unaoishika koni, na Xmax, ambayo ni umbali ambao koni inaweza kusafiri upande mmoja kabla sauti haijaanza kuharibika.

Spika ikiingizwa katika boksi lililozibwa, hewa iliyofungiwa ndani huisukuma koni irudi, na kwa hiyo frikwensi ya asili hupanda. Kadiri ya kupanda huko hupatikana kwa hesabu fupi: gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza moja, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Namba hiyo ukiizidisha kwa Fs unapata frikwensi mpya, na ukiizidisha kwa Qts unapata Q mpya, yaani Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi. Tuchukue mfano ambao tutaufuata hadi mwisho: spika ya inchi 12 yenye Fs ya hezi 32, Qts ya 0.50, Vas ya lita 100 na Xmax ya milimita 6, iliyotiwa katika boksi la lita 44. Mia moja kwa arobaini na nne ni 2.27, ukiongeza moja ni 3.27, kipeuo chake ni 1.81. Frikwensi hupanda kutoka hezi 32 hadi 58, na Q kutoka 0.50 hadi 0.90.

Maana yake ni kwamba chini ya hezi 58 sauti huanza kuporomoka, na mporomoko huo, ukishakamilika, ni wa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila frikwensi inapopungua kwa nusu. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia hezi 41, na kwenye boksi letu sauti hiyo imekwisha kupungua kwa zaidi ya desibeli 5. Q ya 0.90 huleta pia kinundu kidogo, kisichofika desibeli moja, juu tu ya mahali ambapo mporomoko unaanzia. Q ya 0.7 haina kinundu. Q ikipita 1.2 besi huanza kuvuma kwa sauti moja hata nyimbo zikibadilika. Wapo wateja wanaoupenda uvumi huo na kuuita besi nzito, na fundi mwenye busara hawabishii wateja wake, ila ni bora uvumi uwe jambo alilolichagua mwenyewe kwenye ikwalaiza kuliko kasoro aliyoijenga ndani ya mbao.

Kilicho kizuri katika boksi lililozibwa ni kwamba mporomoko wake ni wa polepole na una umbo linalojulikana kwa namba mbili tu, frikwensi na Q. Kwa sababu hiyo unaweza kufidiwa kwa usahihi.

Boksi lenyewe

Plaiwudi ya milimita 18 inafaa. Emdiefu (mbao ya unga uliogandamizwa) hunywa unyevu wa pwani na kuvimba kwenye kingo, hasa palipopita skrubu. Vipimo vya ndani vya sentimita 38 kwa 38 kwa 33 hutoa lita 47 na nusu hivi, na ukiondoa nafasi inayochukuliwa na spika pamoja na mbao ya kukazia ndani, hubaki takriban lita 44. Kuziba ndiko kwenye uzito wote. Mahali pa kuunganishia nyaya, ukingo wa spika na kila kiungo cha mbao lazima vishike hewa, na fundi aliyezoea kukalafati mashua hahitaji kuhubiriwa juu ya hilo.

Ili kujua kama boksi linavuja, isukume koni ndani taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha iachilie: ikirudi polepole, boksi limeziba, ikirudi papo hapo kana kwamba hakuna kinachoizuia, kuna upenyo. Upenyo wenyewe hutafutwa kwa kijiti cha udi. Piga sauti ya hezi 25 kwa kiwango cha chini, pitisha kijiti kinachofuka kando ya viungo vyote, na mahali ambapo moshi ulionyooka unaanza kukatikakatika ndipo penye tundu. Ndani ya boksi weka sufi ya mito, si ya kushindilia, huku ukiifunga katika kitambaa chepesi ili nyuzi zake zisiingie kwenye mwanya wa koili. Itashusha frikwensi kidogo na kunyamazisha miungurumo ya ndani. Iweke kabla ya kupima, kwa sababu vipimo vyote vinavyofuata ni vya boksi kama litakavyotumika.

Kupima frikwensi na Q

Namba za kwenye karatasi ya spika zisiaminiwe peke yake. Spika iliyotoka kiwandani karibuni ina ukingo mgumu kuliko iliyopigwa miezi kadhaa, spika za toleo moja hutofautiana, na chumvi na unyevu wa bahari hubadilisha karatasi ya koni na ukingo wa sponji kadiri miaka inavyopita. Kinachotakiwa ni kipimo cha spika hii, ndani ya boksi hili, na vifaa vyake si ghali: mita ya umeme ya kawaida, rezista moja ya ohmu 10 yenye wati kadhaa, amplifaya, na simu yenye programu ya kutoa sauti ya frikwensi moja.

Kwanza pima ukinzani wa spika kwa mita, amplifaya ikiwa haijaunganishwa. Katika mfano wetu tuseme ni ohmu 5.6. Kisha unganisha rezista na spika kwa mfululizo, ili umeme wa amplifaya upite kwenye rezista kwanza kabla ya kufika kwenye spika. Weka sauti ndogo, isiyozidi volti moja. Kwa kila frikwensi, pima volti kwenye ncha za spika, pima volti kwenye ncha za rezista, gawanya ya kwanza kwa ya pili na zidisha kwa 10: hiyo ndiyo idadi ya ohmu za spika katika frikwensi hiyo. Ukianzia hezi 20 na kupanda hezi mbilimbili, utaona ukinzani ukipanda hadi kilele kisha ukishuka. Frikwensi ya kilele ndiyo frikwensi ya spika ndani ya boksi.

Tuseme kilele kimeonekana kwenye hezi 58, nacho ni cha ohmu 40. Gawanya 40 kwa 5.6 upate 7.14; kipeuo chake ni 2.67. Sasa zidisha 5.6 kwa 40 na utafute kipeuo cha pili: ni ohmu 15. Rudi kwenye kipimo, utafute frikwensi mbili, moja chini ya kilele na nyingine juu yake, ambazo ukinzani wake ni ohmu 15 hasa. Tuseme ni hezi 47 na hezi 71, zilizoachana kwa hezi 24. Zidisha 58 kwa 2.67 na ugawanye kwa 24, upate 6.45, namba hiyo ukiigawanya kwa 7.14 unapata 0.90, nayo ndiyo Q ya spika ndani ya boksi. Pana njia ya kujihakiki: 47 zidisha kwa 71, utafute kipeuo cha pili, na jibu likikaribia 58 basi kipimo ni sahihi. Likiwa mbali, tazama kama boksi linavuja au kama mkono uliteleza kwenye kitufe cha sauti katikati ya kazi.

Kipimo hiki kifanywe mara mbili, siku tofauti ikiwezekana. Kosa la hezi tatu au nne hapa huonekana baadaye kama kinundu au shimo katika besi, na hutalijua chanzo chake.

Kuigeuza besi

Siegfried Linkwitz, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Hewlett-Packard huko Marekani, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kichujio tunachokihitaji. Kichujio hicho huitwa kigeuzi cha Linkwitz, nacho hudai namba nne tu: frikwensi na Q zilizopo, pamoja na frikwensi na Q unazotaka. Hufuta kabisa umbo la kwanza na kuweka la pili mahali pake, kiasi kwamba spika yenye hezi 58 na Q ya 0.90 huitika kama spika yenye hezi 32 na Q ya 0.70. Kinundu cha Q ya 0.90 huondoka chenyewe, kwa kuwa kigeuzi hupunguza kidogo eneo la hezi 80 huku kikiongeza lililo chini.

Programu ya CamillaDSP inacho kichujio hiki tayari, nayo hutumika vizuri kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu. Bodi za kuchakata sauti zenye chipu ya ADAU1701 hukubali namba za kichujio zilizokokotolewa kando. Kabla ya kuingiza chochote, piga hesabu ya gharama: tafuta logi ya 58 kugawanya kwa 32, uizidishe kwa 40. Jibu ni desibeli 10.3, nacho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho kigeuzi kitaongeza kwenye besi ya chini kabisa. Desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Mdundo uliokuwa ukila wati 20 bila kigeuzi utadai zaidi ya wati 200 katika sehemu hiyo ya chini, na kama shughuli inaendeshwa kwa betri na inveta, kisiwa kikiwa gizani, hesabu hiyo isipuuzwe. Hii ndiyo sababu ya kutolenga hezi 20 kwa tamaa. Kutoka 58 hadi 20 ni zaidi ya desibeli 18, yaani zaidi ya mara sitini ya nguvu, na hakuna spika ya inchi 12 ya bei ya kawaida itakayoivumilia.

Ndani ya kompyuta na bodi za kidijitali pana mtego mwingine. Sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu ikiongezwa desibeli 10 hugonga dari ya namba na kukatika vichwa, na mkatiko huo husikika kama mkwaruzo mkavu hata kama amplifaya haijafika popote. Shusha kiwango cha kuingilia kwa desibeli 10 kabla ya kichujio, kisha rudisha sauti kwenye amplifaya.

Asiye na kichakata sauti lakini ana ikwalaiza ya vitelezi 31 anaweza kukaribia umbo hilohilo. Kwa mfano wetu, jumla inayotakiwa ni takriban desibeli 8 kwenye hezi 25, 6.5 kwenye hezi 31.5, 4 kwenye hezi 40, 2 kwenye hezi 50, na sifuri kwenye hezi 63. Vitelezi vinavyopakana huingiliana na kuongezeana, kwa hiyo kila kimoja kiwekwe chini ya namba hizi, kisha matokeo yapimwe. Si usafi wa kigeuzi, lakini ni bora mara nyingi kuliko desturi ya kukunja vitelezi vyote vya kushoto hadi juu kama tabasamu.

Matokeo hupimwa karibu na koni. D. B. Keele alionyesha mwaka 1974 kwamba maikrofoni ikisogezwa karibu sana na koni, kipimo cha besi huwa sawa na kilichochukuliwa katika uwanja mtupu, kwa kuwa mwangwi wa chumba unazidiwa mbali. Kwa spika ya inchi 12, karibu maana yake ni sentimita moja na nusu au chini ya hapo kutoka katikati ya koni. Programu ya REW, ambayo hutolewa bure, pamoja na maikrofoni ya kupimia ya USB, vitachora mstari: unataka uwe tambarare kutoka hezi 100 hadi karibu 40, na uwe umeshuka desibeli 3 kwenye hezi 32. Piga sauti ndogo, kwa sababu maikrofoni iko karibu mno.

Koni inasafiri umbali gani

Hapa ndipo spika nyingi zinapokufa. Ili kutoa kiwango kilekile cha sauti, kila frikwensi ikipungua kwa nusu, koni inalazimika kusafiri mara nne. Spika yetu, ikifika milimita zake 6 na kuwekwa sakafuni uwanjani, inaweza kutoa takriban desibeli 109 kwa umbali wa mita moja kwenye hezi 60. Kwenye hezi 40 ni 102, na kwenye hezi 30 ni 97 tu. Hakuna amplifaya wala ikwalaiza inayoweza kuzibadili namba hizi, kwani zinatokana na eneo la koni na mwendo wake. Njia ya kuzipandisha ni kuongeza spika: mbili zilizowekwa pamoja huongeza desibeli 6, mradi kila moja ipate nguvu zake.

Kigeuzi kinaendelea kuongeza hata chini ya hezi 32, mahali ambapo hakuna muziki wa maana lakini kuna ngurumo za upepo kwenye maikrofoni, kishindo cha mtu aliyeangusha maiki, na vumbi la rekodi za zamani. Kwa hiyo baada ya kigeuzi weka daima kichujio cha kukata kilicho chini ya hezi 25, chenye mteremko wa desibeli 12 au 24 kwa oktavu (yaani kila frikwensi inapopungua kwa nusu), na ikiwezekana kizuizi cha kiwango kilichopangwa kwa volti ambazo koni hufikia Xmax. Namna ya kuipata volti hiyo bila vifaa ni kupiga hezi 30 na kupandisha sauti kidogo kidogo huku ukitazama na kusikiliza: mara tu mlio safi unapochanganyika na mkoromo, shusha kwa desibeli 3 na ufunge hapo. Hesabu ya Xmax ikitofautiana na sikio, fuata iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Neno moja kwa wenye maboksi ya tundu tayari. Kigeuzi cha Linkwitz si chao. Chini ya frikwensi ya tundu, hewa haiizuii tena koni, sauti huporomoka kwa desibeli 24 kwa oktavu, na kila kinachoongezwa hapo huishia katika kuitupa koni nje. Wanachoweza kufanya ni kuweka kichujio cha kukata chini, cha daraja la pili (mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu), chenye Q ya 2, kwenye frikwensi ileile ya tundu: hicho huongeza desibeli 6 papo hapo penye tundu, ambapo koni inatulia, na wakati huohuo hukata kilicho chini. Boksi lilinganishwe na mpango huo tangu mwanzo, tundu likiwa chini kuliko kawaida, la sivyo besi itapata kinundu.

Chumba cha nyumba ya mawe

Mpaka hapa tumeirekebisha spika. Chumba ni habari nyingine, na nyumba za mawe za Lamu zina tabia yao. Upana wa vyumba vyake umefungwa na urefu wa boriti za mkoko, na kwa hiyo vyumba viitwavyo msana na ndani ni vyembamba, chini kidogo ya mita tatu, lakini virefu. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, na besi inayogonga kuta za aina hiyo hurudi karibu yote, tofauti na nyumba ya makuti ambako hupita na kwenda zake. Zidaka za ukutani hupendeza macho na hutawanya sauti za juu, lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 7 na haliwezi kuona kidaka chenye kina cha kiganja.

Tuchukue chumba cha mita 7 kwa 2.8 chenye dari ya mita 3.5. Sauti katika hewa ya nyuzi 30 husafiri mita 349 kwa sekunde, na wimbi husimama baina ya kuta mbili pale ambapo nusu ya urefu wake inalingana na umbali baina yao. Kwa hiyo upana wa mita 2.8 hutoa kilele kwenye hezi 62. Urefu wa mita 7 hutoa hezi 25 na mara mbili yake, hezi 50. Na dari ya mita 3.5 hutoa hezi 50 vilevile. Vilele viwili vimeangukia mahali pamoja kwa sababu kimo ni nusu ya urefu. Katika chumba kama hicho hezi 50 itavimba na kuchelewa kunyamaza, na kwa bahati mbaya umeme wetu ni wa hezi 50 pia, hivyo mvumo mdogo wa waya wa ardhi usioungwa vizuri, ambao uwanjani hakuna angeusikia, humo utajaa chumba kizima.

Kabla ya kugusa ikwalaiza, hamisha boksi. Kona ya chumba huamsha vilele vyote kwa pamoja, ndiyo maana besi ya kona huonekana kubwa na huwa na fujo. Boksi likikaa katikati ya upana, mita 1.4 kutoka kila ukuta, kilele cha hezi 62 hakiamki. Na kwa kuwa hakuna mwenye nyumba atakayekubali boksi katikati ya njia, maboksi mawili madogo yaliyowekwa kwenye kuta mbili zinazokabiliana, yakipigwa kwa pamoja, hufanya kazi ileile. Yakiwa pia mita 1.75 kutoka ukuta wa mwisho, yaani robo ya urefu, wimbi la hezi 50 la urefu wa chumba nalo halipati pa kusukumwa. Litabaki lile la dari peke yake.

Kilichobaki ndicho cha ikwalaiza. Pima mahali kadhaa ambapo watu watakaa, si pahali pamoja, na utafute vilele vinavyojitokeza karibu kote. Kila kimoja kikatwe kwa kichujio chembamba chenye frikwensi, kina na Q yake: kilele cha desibeli 9 kwenye hezi 50 kinaweza kukatwa kwa desibeli 6 au 7 na Q ya 5 au 6, kisha kipimwe tena. Mashimo usiyajaze. Shimo hutokea pale ambapo mawimbi mawili yanauana, na ukiongeza sauti unaongeza yote mawili kwa kiasi kimoja. Utakuwa umetumia mara nne ya nguvu kwa desibeli 6, shimo limebaki, na aliyekaa hatua mbili pembeni anaumwa masikio. Kuhusu ule msaada wa chumba ambao husemekana kuinua besi ya chini kabisa katika vyumba vilivyofungwa, katika nyumba yenye msana uliofunguka kuelekea kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, haufai kutegemewa, kwa kuwa hewa ina pa kutokea.

Nje, kwenye kiwanja

Harusi nyingi hazipigwi chumbani, na mpango wa chumbani usipelekwe kiwanjani. Huko hakuna vilele vya kukata, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Zile desibeli 97 za hezi 30 kwa mita moja huwa 79 kwa mita nane, na sikio la binadamu ni zito mno kwa frikwensi za chini, kama Fletcher na Munson walivyopima mwaka 1933, kiasi kwamba hezi 30 ya desibeli 79 haitasikika chini ya sauti za waimbaji na vigelegele. Kuitafuta ni kuichosha koni bure. Kwa hiyo tengeneza mpango wa pili ambao kigeuzi kinalenga hezi 40 badala ya 32: ongezeko ni desibeli 6.5 tu, nguvu hazifiki mara tano, uzi wa chini wa gitaa la besi bado unapatikana, na kichujio cha kukata kinapanda hadi hezi 32 hivi. Ngoma za chakacha zinazopigwa kwa kinanda cha umeme hukaa juu ya hapo, na zitapata koni iliyo huru kuzipiga kwa nguvu.

Maboksi yote yawekwe pamoja, chini, yakiwa yameegemea ukuta. Ukuta mgumu wa mawe nyuma yao hurudisha hadi desibeli 6 bila wati hata moja ya nyongeza, na ikwalaiza ya namna hiyo haina gharama. Spika za juu zipokee kutoka hezi 90 kwenda juu, kwa kichujio cha desibeli 24 kila upande, ili zisisumbuliwe na besi. Sauti ikisikika nyembamba katika makutano hayo, geuza nyaya za sabufa, chanya kwa hasi, usikilize tena ukiwa umesimama walipokaa watu, na uache upande uliotoa besi nyingi zaidi. Mipango miwili ihifadhiwe kwenye kichakata kwa majina yanayoeleweka, "ndani" na "kiwanja", kwa sababu saa tano za usiku anayeshika vyombo huenda asiwe yule aliyevipima.